Mama Direktrisi Hapigi Picha za Harusi

Nilimwomba Mama Direktrisi apige picha kwenye harusi ya binti yangu Zaina, akakataa. Na sikumwomba kama mtu baki. Tulikuwa majirani, mlango wake na wangu inatazamana, katikati barabara ya vumbi, na chumvi ikimwishia asubuhi anajua mahali pa kubisha. Akaniambia hivi hivi, bila haya, kwa Kiswahili cha mji wetu wa Kamina: "Mama Zaina, harusi iko na bantu mingi ya kuiangalia. Minyi naangalia ile haina muntu."

Lakini pilau alikuja kula. Alikaa kwenye kona pamoja na wakwe, akala vizuri, akabariki maharusi kwa msalaba wake wa Kikatoliki mbele ya shehe, na shehe akacheka. Siku chache baadaye akaniletea bahasha. Nikaifungua mbio mbio, nikidhani amenionea huruma. Ndani palikuwa na picha ya pasi.

Pasi! Watu wamejaa uani wamevaa vitenge vipya, bibi harusi anang'aa, yeye macho yake yameiona pasi ya makaa ya marehemu mama yangu, ile nzito yenye jogoo wa chuma kwenye kifungio, ambayo siku ile tuliiweka dirishani ili pazia lisipeperuke. Wallahi nilikasirika. Siku nyingi nilimsalimu kwa midomo tu.

Kisha jioni moja, duka langu halina mteja, nikaitoa tena ile picha. Mwanga ulikuwa unaingia kutoka pembeni, na kwenye mpini wa mti ungeweza kuona palipobonyea kidogo, mahali kiganja cha mama yangu kilipokuwa kinashika miaka yote aliyopiga pasi nguo za watu. Mimi nimekua na pasi ile, nimeibeba, imeniunguza, na sikuwahi kuuona ule mbonyeo. Nililia pale pale kwenye kaunta. Mteja akaingia kununua sabuni akadhani nimepata msiba, akaanza kunipa pole.

Basi huyo ndiye Mama Direktrisi. Alizaliwa wapi na nani, hayo waulize wa kwao. Mimi naeleza niliyoyaona kutoka kwenye kibaraza cha duka langu. Jina alilipata kwa kuongoza shule ya msingi, na alipostaafu jina likakataa kustaafu. Nusu ya Kamina imepita mikononi mwake. Waendesha pikipiki walizima mota wakimwona, na mababu wenye mvi walificha sigara mgongoni.

Kamera yake ilikuwa ndogo, rangi ya fedha, inaingia kwenye kiganja. Binti yake wa Lubumbashi aliiacha aliponunua simu kubwa. Na kwa kuwa umeme wetu huja kama mgeni asiyetaka kuvua viatu, betri aliichaji kwangu, kwenye sola ya duka. Kila asubuhi akitoka misa ananiletea betri, na akija kuichukua ananionyesha alichopiga jana. Hivyo ndivyo nilivyoanza kutazama picha ambazo sikuziomba. Umande juu ya sombe, yale majani ya muhogo. Uyoga unaosukuma udongo wa kichuguu. Nyayo za bata kwenye tope. Mvua inayokuja kutoka upande wa Kaniama, anga jeusi na barabara bado nyeupe. Nilikuwa namwambia: "Mama, tope tunalo, umande tunao, umekwenda kupiga picha ya vitu vya bure." Anajibu: "Kabisa. Na juu ya iko bure, njo maana hauangalie."

Watoto walimfuata wakipiga kelele, "Mama, nipige na minyi! Nipige!" Hakuwafukuza. Aliwainamia, akawaambia: "Weye utajiona mu kioo. Hii majani, nani ataiona?" Wengine walikwenda zao wamenuna. Wengine walibaki wakainama pamoja naye, na ungeona safu ya matako madogo njiani, wote wanatazama jani.

Na mashine zake! Alipenda chuma kilichochoka. Kinu cha kusaga mahindi, mashine za kushona za sokoni, trekta lililoota majani ya maboga nyuma ya parokia, na zaidi ya vyote lile garimoshi la makaa lililolala kwenye reli ya pembeni, halijatembea tangu sijui lini, ndege wamejenga ndani ya bomba lake. Siku ya kwanza aliyokwenda kulipiga picha nilikuwa naye, nilikuwa nampelekea mtu kitenge upande ule. Mlinzi akatuzuia. Akasema mama, hapa inatakiwa ruhusa yenye muhuri. Mama Direktrisi akamtazama taratibu kuanzia kofia hadi viatu. "Ile hesabu ya saba," akamwuliza, "ulisha kuishika?" Mlinzi yule ana wake na wajukuu. Akainamisha kichwa, akasema, "Bado kiloko, mama," yaani bado kidogo, akafungua.

Tulipofika mbele ya lile garimoshi hakutoa kamera. Alikunja magoti kidogo, akapiga makofi polepole, viganja vimebonyea, kama Waluba wanavyomsalimu mkubwa wao. "Vidye," akasema, kama wanavyomwita mfalme au mizimu. Mimi nikatazama huku na huku kama kuna mtu anayetuona. Rozari shingoni, na anasalimia chuma! Nikamwambia padri akisikia atakunyima komunyo. Akasema padri naye anasalimia mzee akimkuta amekaa, na huyu mzee amebeba watu wengi kuliko padri.

Halafu ilibidi tumtafute mtu aliyelifanyia kazi. Hiyo ilikuwa sheria yake. Mashine hapigi mpaka amemwona mtu aliyeizoea amwulize: uso wake uko wapi? Tulimpata babu mmoja aliyekuwa anarusha makaa ndani ya moto, anakaa karibu na reli, anauza kuku. Mimi nilidhani uso wa garimoshi uko mbele, kama kila mtu. Yule babu akatuzungusha mpaka nyuma, kwenye mlango mdogo wa chuma mahali pa moto, akauwekea mkono. "Huyu njo uso yake. Ile ya mbele ni ya wasafiri." Basi Mama Direktrisi akapiga mlango ule tu, na mkono wa babu haumo, alimwomba autoe. Babu akautoa akasimama pembeni, anafuta macho kwa mkono wa shati.

Kwenye kinu cha sokoni mambo hayakwenda vizuri hivyo. Mwenye kinu alidhani ametumwa na watu wa kodi. Alipoelewa kwamba ni picha tu, akakimbia kunawa unga usoni, akabadili shati, akaja kusimama mbele ya mashine kifua mbele. Mama Direktrisi akamwambia: "Baba, toka kiloko. Unamufunika." Sokoni walicheka mpaka leo wanamwita Baba Unamufunika.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Shuleni aliwakagua watoto kucha na kola, doa la wino lilikuwa kesi, na nyumbani kwake sakafu unaweza kulamba. Lakini ukutani alibandika picha za kutu, ukungu na tope. Nilimwuliza inakuwaje. Akasema uchafu wa uvivu ni kitu kimoja, na kutu ni kitu kingine, kutu ni kazi ya mvua. Aliwafundisha watoto kungoja zamu, na yeye mwenyewe alitufanya tungoje. Siku tuliyokwenda Luena, mimi kutafuta wateja wa vitenge, yeye kutafuta vigari vya mgodi wa makaa wa zamani, treni ilisimama porini kama kawaida yake. Watu wakaanza kulaani. Yeye akashuka. Injini iliporudi kuunguruma, hayupo. Dereva akapiga honi, akapiga tena, na mimi niko dirishani namwita kama mbuzi aliyepotea. Akatokea kwenye nyasi bila haraka, ametapakaa mbegu za nyasi hadi kwenye kilemba. Dereva alikuwa mwanafunzi wake, angefanya nini? Huko Luena alipiga mti mdogo uliokuwa umeota ndani ya kigari cha makaa, akarudi amefurahi kuliko mimi niliyeuza.

Sasa nifike kwenye mahindi, maana siwezi kumweleza bila mahindi.

Nyuma ya nyumba zetu, kuteremka kwenye kijito, ndipo lilipo shamba la Baba Ngoie. Baba Ngoie analima mahindi na anaimba sauti ya chini kwenye kwaya ya parokia; mtu wa watu, ana watoto wengi, na shamba lile ndilo chakula chao. Mama Direktrisi alikuwa anapita pale alfajiri. Asubuhi moja alinionyesha picha ya kiwavi kidogo kimelala ndani kabisa, kwenye moyo wa mhindi mchanga. Kilikuwa na mistari myembamba mgongoni kama pindo lililoshonwa na fundi mzuri, na tone la umande kando yake. Hata mimi nilisema, mama, hii leo umepata. Aliionyesha mtaa mzima. Alimwonyesha Baba Ngoie mwenyewe. Baba Ngoie akasogeza kamera karibu na pua, akacheka: "Mama, hii inakuliwa?" Akajibu: "Siyue. Lakini angalia mavazi yake."

Ujue kwamba kwetu kiwavi si kitu cha kuogopesha. Viwavi vikishuka kwenye miti, soko linafurahi, akina mama wanakausha, watoto wanashiba. Ukituonyesha kiwavi tunauliza chumvi iko wapi. Na kile cha mahindi ulikuwa mwaka wake wa kwanza kuingia kwetu, hakuna aliyekijua.

Muda si muda majani ya Baba Ngoie yakawa matundu matupu, kama nguo ya zamani. Ukifungua moyo wa mhindi unakuta uchafu kama unga wa msumeno, na kiwavi kimenenepa ndani. Alitia majivu, alitia maji ya sabuni aliyonunua kwangu, wapi. Shamba likaisha. Mashamba mengine yakafuata, lakini la kwake ndilo lilikuwa la kwanza, na watu wakaanza kuhesabu mambo kwa vidole: yule mama alipiga picha kwanza, kisha vidudu vikaingia. Anatembea peke yake alfajiri. Anapigia mashine makofi. Mume hana, watoto wako mbali. Maneno kama hayo ya uchawi juu ya mwanamke mzee anayekaa peke yake, kwetu si masengenyo ya kupitisha wakati. Yakishapata miguu, mtu anafukuzwa mtaani, na akiwa na bahati anaondoka na godoro lake. Nilianza kufunga duka mapema niwe nyumbani. Niliogopa, sifichi.

Shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, akatuita wote kwenye kibanda chake cha mabati. Baba Ngoie alisimama, amekonda. Hakupiga kelele. "Minyi sisemi ule mama iko mulozi," akasema. "Nasema aliona. Aliona mbele ya bantu yote. Watoto yangu banalala njaa, na yeye aliona." Nyuma mtu akasema, kikulacho ki nguoni mwako, na wengine wakaguna.

Mimi ulimi wangu haujui kukaa. Nikasimama: "Si alikuonyesha weye mwenyewe? Si uliuliza kama inakuliwa? Kama angekupa na chumvi ungekula!" Kikawa kicheko, hata waliokuja wamekunja ngumi wakacheka. Shefu naye akapangusa macho, akasema vidudu viko Kaniama, viko mpaka Kabondo-Dianda, je, kamera ya mama huyu iko na pikipiki? Muende nyumbani, muache mama wa bantu. Mambo yakawa yamekwisha. Nilikuwa nimeshika mkono wake tuondoke.

Akautoa mkono wangu, akasimama kama mbele ya darasa.

"Baba Ngoie anasema kweli," akasema. "Niliona ile kidudu, nikaipenda. Sikuuliza inakula nini."

Akamwinamia Baba Ngoie, mtu ambaye angeweza kuwa mwanawe, akapiga makofi yale ya viganja vilivyobonyea. Halafu akatoka.

Njiani nilimgombeza vibaya. Nikamwambia nimekutoa kwenye moto, weye unarudi ndani kutafuta kiatu? Nilipomaliza kugombeza nikambebea kikapu mpaka mlangoni.

Tangu hapo betri hakuileta. Kamera aliitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, akalifunga kwa kitambaa. Watu walisahau haraka, walianza tena kuzima pikipiki wakimwona, lakini yeye ndiye aliyekataa kusahau. Alikwenda misa akitazama mbele tu, kama farasi aliyefungwa macho. Nilijaribu kila kitu. Nilimwita aje kuona kinyonga kwenye ua wangu, amegeuka rangi ya kitenge kilichoanikwa, kitu ambacho zamani angekikimbilia bila viatu. Akasema, "Muache aende." Nilimwambia mlinzi wa garimoshi anamsalimu. Akasema asante. Nilikasirika naye, nikamwonea huruma, nikakasirika tena. Kumbe nilikuwa nimezoea kuonyeshwa. Tope likawa tope tu, na kusema kweli asubuhi zangu zilikuwa mbaya.

Msimu mwingine ukapita, ukaja mwingine. Mahindi yalikuwa yamefika gotini tu Baba Ngoie alipoingia dukani kwangu. Akanunua sabuni. Akasimama. Akauliza bei ya viberiti, na bei ya viberiti kila mtu anaijua.

"Mama Zaina," akasema mwisho, "jirani yako, macho yake ingali muzuri?"

Akaeleza. Mwagronomia, mtaalamu wa kilimo, alipita kuwafundisha wakulima: hii kidudu huwezi kuingoja ikue. Utafute mayai yake chini ya majani, asubuhi mapema, uyaponde kabla hayajatoka. "Natafuta," akasema Baba Ngoie. "Natafuta mpaka kichwa inauma. Minyi naona majani tu. Kila jani inafanana na ingine." Alitaka nikamwombe mimi. Nikamwambia kinywa kilichosema kwa shefu ni chako, si changu, nitakusindikiza, basi.

Baba Ngoie alipiga makofi mlangoni pake. Mama Direktrisi alipomwona akashika fremu ya mlango. Baba Ngoie akazungumza akiangalia miguu yake mwenyewe, akasema watoto wanakua, shamba ndilo hilo hilo, na mtu wa kuona vitu vidogo hamjui mwingine.

"Minyi sipige tena picha," akasema mama.

"Sikuombi picha, mama. Kuya uniangalilie."

Akaurudisha mlango kidogo, nikafikiri ataufunga. Kisha akasema kesho, kabla ya misa.

Hiyo ndiyo asubuhi ninayoikumbuka zaidi ya zote, kwa sababu baada ya mavuno yale binti yake alikuja kumchukua akahamia Lubumbashi, na mpaka leo mlango ule unaotazamana na wangu una kufuli. Tulishuka shambani jua halijatoka. Yeye mbele na fimbo, Baba Ngoie nyuma yake, mimi mwisho nimekunja kitenge hadi magotini, nalalamika umande. Alikuwa anainama kwenye kila mhindi, anageuza jani kwa vidole viwili, analirudisha taratibu kama anafunika mtoto. Mstari mmoja, hakuna kitu. Mwingine, hakuna. Mgongo wake ulikuwa unamuuma, niliona anavyoshika kiuno, nikamwambia tupumzike, akanipungia mkono ninyamaze.

Kisha akasimama.

"Hii," akasema.

Baba Ngoie akasogea. Mimi pia. Ilibidi atuonyeshe kwa ncha ya ukucha ndipo tuone: chini ya jani, kibonge kidogo cha mayai, rangi ya kijivu, kina manyoya laini kama pamba. Ungepita hapo mara ngapi usikione. Baba Ngoie akashusha pumzi nzito, akaleta kidole gumba.

Mama Direktrisi akamshika mkono. "Ngoja."

Akaingiza mkono kwenye kitenge chake, pale kwenye fundo la kiuno, akatoa kamera. Sikujua ameileta. Betri aliichaji wapi, mpaka leo hajaniambia, na pale shambani nikaona wivu kama mke mwenza. Lakini wivu haukukaa, maana nilimtazama Baba Ngoie. Kile ndicho kilichomaliza chakula cha watoto wake, kiko juu ya jani lake, na huyu mama anataka kukipiga picha. Baba Ngoie alikaza uso. Sauti yake ile ya kwaya ilikuwa imejaa kifuani, nikajua akiifungua, yamekwisha, mama huyu hatashika tena kamera maisha yake.

Kijiupepo cha asubuhi kikapita, jani likaanza kucheza. Mama Direktrisi akainama, akangoja litulie, halikutulia. Akasogea, likacheza tena.

Baba Ngoie akanyoosha mkono wake mkubwa, akalishika jani kwenye ncha kwa vidole viwili, akalinyoosha, akalituliza.

Mama akapiga magoti kwenye udongo wenye maji, kitenge chake cha misa na yote. Akasogeza kamera karibu. Akashikilia pumzi. Muda ukapita, umande ukamchuruzika Baba Ngoie mkononi, lakini jani hakuliachia.

"Umeisha kumaliza, mama?" akamwuliza polepole.

"Bado."

Tukangoja.